Kupanga Tabata au kujenga Chanika: hesabu za mwalimu aliyeishi kote kuwili

Simu iliingia Jumapili jioni nikichambua mchele. "Shikamoo madam. Nimepata kiwanja Zingiziwa, ishirini kwa ishirini, milioni nne na nusu. Muuzaji anataka nusu wiki hii. Nichukue au niendelee kupanga?"

Ni mwalimu mwenzangu, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Tulifundisha wote shule moja upande wa Buguruni kabla sijahama. Ana mke, ana mtoto anayeanza darasa la awali, na kodi yake ya Tabata inakwisha mwezi ujao. Zamani ningemjibu palepale: nunua, jenga, achana na baba mwenye nyumba. Jibu hilo nimewapa walimu wengi bila kufikiri. Safari hii nilimwomba siku mbili, nikaenda kufukua daftari langu la matumizi. Nimepanga Tabata miaka minane, nikahamia Chanika 2021, na mwaka 2024 kuna jambo lilitokea lililonionyesha kwamba kwa muda wote huo nilikuwa nahesabu vibaya.

Tuanze na fedha yenyewe, maana dalali na muuza viwanja wote huuliza "mshahara wako ni shilingi ngapi" na sisi hutaja ule wa kwenye karatasi. Chukua mwalimu mwenye mshahara wa milioni moja kamili, aliyesoma kwa mkopo wa serikali. PSSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 5, elfu hamsini. NHIF, bima ya afya, asilimia 3, elfu thelathini. Chama cha walimu asilimia 2, elfu ishirini. Bodi ya Mikopo asilimia 15, laki na nusu. Kodi ya mapato, baada ya kutoa ile ya PSSSF, ni 115,500. Benki inafika 634,500, na hapo hajakopa popote. Akikopa ili ajenge, sheria inataka abakiwe na theluthi moja ya mshahara, na ukizoea kuishi kwa theluthi utajua maana ya tarehe 10 kuwa katikati ya jangwa. Kwa hiyo nikisema laki moja humu ndani, isomeke kama sehemu ya sita ya kinachofika mkononi.

Tabata, nyumba ya mtu

Vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko, na baraza la kuanikia nguo mnaloligombea familia nne. Nilipoondoka kodi ilikuwa 200,000. Jirani yangu wa zamani sasa analipa 250,000 kwa nyumba ileile, na ufa wa bafuni ni uleule. Kodi hutakiwa ya miezi sita kwa mkupuo, na mara ya kwanza dalali naye anachukua ya mwezi mmoja. Piga hesabu: 1,500,000 ya mwenye nyumba na 250,000 ya dalali. Hiyo ni karibu mishahara mitatu ya huyo mwalimu wetu wa milioni moja, kabla hajanunua hata pazia.

Halafu kuna vile vidogo ambavyo havitajwi mnapooneshwa nyumba. LUKU moja kwa wapangaji wanne ni hasara iliyojificha. Mteja mdogo wa TANESCO, anayetumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Wa kundi la kawaida huuziwa 292. Kila familia pale uani kwetu ingekuwa na mita yake ingeingia kundi la wadogo bila shida. Kwa kuwa mita ni moja, sote tulionekana mteja mmoja mkubwa mwenye friji nne na pasi nne. Tena kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kupitia umeme na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, humkuta anayenunua umeme siku hiyo. Kisheria mzigo huo ni wa mwenye nyumba. Mkumbushe uone.

Lakini Tabata nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na mbili na robo nimeshakunywa chai, nimeshamchana mtoto nywele. Daladala moja tu, ambayo kwa kiwango kilichowekwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, Desemba 2023 kwa safari isiyozidi kilomita 10 ingekuwa shilingi 600. Saa kumi na moja jioni nipo jikoni. Binti yangu mkubwa alikwenda shule kwa miguu. Mdogo wake akitoka shule alikaa kwa jirani, mama mtu mzima ambaye hakuwahi kunidai kitu zaidi ya sukari ya Idi. Hakuna mahali nilipoandika thamani ya mama huyo kwenye daftari, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza la hesabu.

Chanika, nyumba yangu

Tulihamia kwenye pagale. Bati lipo juu, madirisha mawili yana grili na mengine yamezibwa kwa mbao, sakafu ya zege isiyo na marumaru, choo cha nje. Furaha ya usiku wa kwanza siwezi kuieleza. Mume wangu alilala katikati ya sebule kwenye mkeka akasema anataka kusikia kimya cha nyumba isiyodaiwa. Hakukuwa na mtu wa kutugongea mlango tarehe moja.

Saa kumi na nusu alfajiri simu ikalia.

Chanika hadi Buguruni kwetu ilikuwa magari mawili, la kwanza hadi Gongo la Mboto. Kutoka kwetu hadi stendi ni bodaboda, 1,000, kwa sababu saa hizo mwanamke hatembei peke yake kwenye kichaka cha mikorosho. Ukifika stendi, gari limejaa. Limejaaje na ndiyo kwanza linaanza? Watu wamegeuza nalo: wamelidaka lilipokuwa linakuja, vituo viwili vitatu nyuma, wakalipa nauli mara mbili ili waingie nalo stendi wakiwa wameshakaa. Asiyekuwa na nauli ya kugeuza anasimama hadi Gongo la Mboto, au anapita dirishani. Nimewahi kumwona mzee aliyevaa suti akipitishwa dirishani kama godoro, faili likitangulia. Nami nilisimama muhula mzima na madaftari ya wanafunzi kwenye mfuko wa salfeti, kisha nikaanza kugeuza.

Mwanafunzi hana hata hiyo nafasi ya kugeuza. Nauli yake ni 200, konda anaihesabu kama siti iliyopotea, na utasikia mlangoni: "Denti wawili tu! Wawili!" Binti yangu tulimwacha aendelee kusoma Tabata, hata alipoingia sekondari, hadi amalize mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Nikawa namvusha mimi, nalipa kwanza, namsukuma mbele yangu, namwambia konda huyu ni wangu. Siku nikiwa na homa hakwenda shule naye.

Na barabara yenyewe. Ujenzi wa njia ya mwendokasi awamu ya tatu uliifanya Barabara ya Nyerere kuwa mchepuko baada ya mchepuko, na mwisho wa njia hiyo ni Gongo la Mboto. Chanika ipo mbele zaidi. Stesheni ya SGR ipo Pugu tangu 2024, ni nzuri kweli, ila treni za Morogoro na Dodoma hazikupangiwa ratiba kwa ajili ya mwalimu wa zamu.

Hii hapa ni Februari 2024, kurasa mbili za daftari. Upande wa Tabata nimeweka bei ambazo ningelipa mwezi uleule kama nisingehama. Siku za kazi nimezikadiria kwa mwezi wa kawaida: 22 kwangu, 26 kwa mume wangu ambaye yupo dukani Kariakoo.

| | Tabata (kupanga) | Chanika (kwangu) |
|---|---|---|
| Kodi ya nyumba | 250,000 | 0 |
| Nauli yangu, na bodaboda ya alfajiri | 26,400 | 88,000 |
| Nauli ya baba | 31,200 | 78,000 |
| Nauli ya binti wa sekondari | 0 | 17,600 |
| Chai na vitafunwa vyangu shuleni | 0 | 33,000 |
| Dada wa kazi | 0 | 70,000 |
| Maji | 15,000 | 40,000 |
| Jumla | 322,600 | 326,600 |

Nilijumlisha mara tatu. Mimi ni mwalimu wa hisabati, darasa la tano na la sita, na bado nilijumlisha mara tatu. Nyumba isiyo na kodi ilikuwa inanigharimu shilingi 4,000 zaidi ya nyumba ya kupanga, na hapo sikuweka nauli ya kugeuza, wala makato ya mkopo wa kujengea ambayo yalikuwa yamebakiza miaka mitatu. Baba mwenye nyumba hakwenda popote. Alijigawa tu: kipande akampa konda, kipande bodaboda, kipande muuza maji, kipande mama ntilie wa getini shuleni.

Tofauti ni kwamba baba mwenye nyumba anataka milioni na nusu kwa siku moja, na hawa wanataka elfu moja moja. Ndiyo maana watu wengi wa Chanika, Kivule, Mbande, Kibamba wanaapa kwamba kuhamia kwao kumewaokoa. Hawasemi uongo. Elfu moja haiumi, na haiandikwi.

Angalia sasa mistari ya upande wa kulia. Kodi ya Tabata ni ya nyumba: muwe wawili, muwe sita, ni 250,000. Gharama za Chanika ni za vichwa, kila kichwa kinachovuka mji alfajiri kina bei yake. Dada wa kazi naye nilimwajiri kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa mtoto wa darasa la pili angebaki peke yake kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa mbili usiku. Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541 sensa ya 2012 na 5,383,728 sensa ya 2022. Milioni moja hiyo iliyoongezeka haikupata vyumba Upanga. Imekwenda kujenga huku kwetu, na asubuhi wote tunarudi kufuata kazi zilipobaki.

Wenye usafiri

Wapo watakaosema, nunua gari dogo, IST. Majirani zangu wawili walifanya hivyo. Kutoka kwetu hadi katikati ya mji ni kama kilomita 35, kwenda na kurudi 70. Gari dogo kwenye foleni likikupa kilomita 14 kwa lita, umeshukuru. Lita tano kwa siku, na petroli ikiwa 3,000 hiyo ni 15,000 kwa siku, 330,000 kwa siku 22. Umevuka kodi ya Tabata, na bado hujabadilisha oili, hujalipa maegesho, hujakutana na shimo la Pugu wakati wa masika. Mmoja alipakia abiria wanne kila asubuhi ili gari lijilipie. Mwingine gari limefunikwa turubai, anapanda daladala na sisi. Kwa mke na mume wanaofanya kazi jirani na watoto wanaosoma njiani, hesabu inaweza kukubali. Kwa mwalimu mmoja ndani ya gari, hapana.

Kilichotokea 2024

Julai mwaka huo nilipata uhamisho, nikaletwa shule iliyo dakika ishirini kwa miguu kutoka nyumbani. Niliomba mara mbili. Ombi la kwanza lilipotelea kwenye ofisi ambayo sitaitaja. La pili lilikubaliwa kwa sababu ya kawaida kabisa: shule za pembezoni zina watoto wengi na walimu wachache. Kila mtu amesikia habari za Majimatitu kule Mbagala na maelfu ya wanafunzi wake. Huku nako tunaingiza zamu mbili, asubuhi na mchana, na dawati la watatu wanakaa watano.

Nikafuta mistari. Nauli yangu 88,000, imekwenda. Chai ya shuleni 33,000, nakunywa nyumbani. Binti alimaliza mtihani wake wa kidato cha pili mwaka uliotangulia, tukamhamishia sekondari ya huku: 17,600. Dada wa kazi tulimtafutia kwa shemeji yangu, maana saa kumi jioni mimi nipo: 70,000. Jumla 208,600 kwa mwezi, na zilizobaki ni nauli ya baba na maji, 118,000. Nyumba ileile, bati lilelile. Kilichohama ni kituo cha kazi.

Hapo ndipo nilipomjibu yule kijana swali ambalo hakuuliza: barua ya uhamisho unaifuatilia lini? Sisi walimu tuna kitu ambacho karani wa bandari hana, wala muuza duka wa Kariakoo. Bandari haitahamia Zingiziwa. Shule ipo kila kata. Kama kuna mtu katika mji huu anayeweza kuhamisha kazi kwanza halafu nyumba ikafuata, ni mwalimu na muuguzi, na bado tunafanya kinyume: tunahama kwa furaha ya bati jipya, halafu tunaanza kuomba uhamisho tukiwa tumeshachoka, tunasaini kitabu cha mahudhurio chini ya mstari mwekundu wa mwalimu mkuu, ule wa waliochelewa, na rekodi hiyohiyo ndiyo inayoambatana na ombi letu.

Kiwanja chenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana milioni nne na nusu ni fedha.

"Ishirini kwa ishirini" ya huku mara nyingi ni hatua za muuzaji, na muuzaji mfupi ana hatua fupi. Nenda na futi kamba. Uliza kama eneo limepimwa, na kama jibu ni "lipo kwenye mchakato", lichukulie kuwa halijapimwa hadi uone ramani yenye namba za viwanja. Viwanja vilivyopimwa vya serikali, kama vile vya ule mradi wa viwanja 20,000 wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kule Buyuni, Kibada, Tuangoma na Bunju, ni ghali zaidi, lakini unanunua na barabara yake. Kwenye makazi holela barabara ni maneno: leo ni mita sita, jirani akijenga ukuta ni mita tatu, na boza la maji haliwezi kupinda. Mimi nalipa 40,000 ya maji kwa sababu boza linaishia kwa jirani wa nne, kisha ni madumu na toroli.

Kuna msitu wa Kazimzumbwi. Watu wa Chanika hawahitaji kuelezwa. Wapo waliouziwa mashamba na viwanja ndani ya mipaka ya hifadhi, wakajenga, wakaondolewa. Kuna hifadhi ya barabara pia. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kiluvya ili barabara ipanuliwe, zikiwamo nyumba za watu waliokaa hapo miaka mingi. Ofisi ya serikali ya mtaa itakugongea muhuri na kukudai asilimia 10 kwa mazoea, lakini muhuri huo haukuambii kama mpaka wa msitu umepita chumbani kwako. Inayojua hilo ni ofisi ya ardhi ya manispaa au jiji. Nenda, hata ukipoteza siku mbili.

Umeme: kuunganishiwa mjini ndani ya mita 30 bila nguzo ni 320,960 tangu mwanzoni mwa 2022. Ukihitaji nguzo moja inavuka laki tano. Angalia nguzo ya mwisho ipo wapi kabla hujaangalia mandhari.

Na nenda siku ya mvua. Muuzaji atakwambia tukutane Jumamosi saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi siku ya jua, kila bonde ni bustani. Wakazi wa Jangwani walioathiriwa na mafuriko ya Desemba 2011 walipelekwa Mabwepande, mbali kabisa, kwa sababu ya maji. Ingekuwa ajabu wewe ulipe mwenyewe kwenda kuyafuata.

Kwingine, kwa kifupi

Kigamboni inavutia kwa macho: mji upo pale, ng'ambo ya maji, unauona. Kivuko ni 200 kwa mtu wa miguu, na daraja lililofunguliwa Aprili 2016 lina tozo kwa mwenye chombo. Foleni ya kivuko asubuhi ni kitu kingine, na mtu wa Kibada au Gezaulole ana daladala kwanza kabla ya maji. Ukifundisha Kigamboni, ishi Kigamboni bila kufikiri mara mbili. Ukifundisha Sinza, hapana.

Kibaha napapenda kuliko nilivyotarajia. Kuna hewa, kuna hospitali ya Tumbi, kuna shule, na Barabara ya Morogoro imepanuliwa. Lakini ni mkoa wa Pwani: uhamisho wako unatoka halmashauri moja kwenda nyingine ya mkoa mwingine, na safari ya karatasi hizo ni ndefu. Wanaopata mtu wa kubadilishana naye wanafaulu haraka zaidi. Vikindu na Kisemvule ni hadithi ileile upande wa Kilwa Road.

Goba na Madale yalikuwa mapori nilipoanza kazi. Sasa ukiuliza bei mtu anakutajia mamilioni kwa nusu kiwanja. Tumewaachia wenzetu.

Nyumba ya mwalimu ndani ya eneo la shule, ukiibahatisha, ichukue hata kama dari limekula mchwa. Hapa mjini ni chache mno kiasi kwamba sitaiweka kwenye jedwali.

Na kuna nyumba zilizojengwa tayari, za mashirika kama Watumishi Housing kule Gezaulole na Bunju, NHC kule Mwongozo, NSSF kule Kijichi. Ni nzuri, zina barabara na maji. Mkopo wa nyumba benki kwa miaka ya karibuni umekuwa kwenye riba ya asilimia 15 hadi 19, na mwalimu mmoja mwenye makato ya Bodi hafiki mbali. Mke na mume wote watumishi wakiunganisha, waende wakaulize, wapo waliofanikiwa.

Nani achague nini

Kama mnatoka wawili au zaidi kila alfajiri kuelekea katikati ya mji, na hakuna barua ya uhamisho mkononi, baki kupanga. Kitafute chumba kimoja pungufu kama lazima, karibu na kazi, na ile tofauti iweke kwenye tofali. Kiwanja nunua ukikipata safi, kwa sababu bei haisubiri, ila usikihamie. Jenga polepole, kodi ikiendelea. Najua inauma kulipa pande mbili. Nimelipa pande mbili kwa miaka mitatu ya ujenzi, kisha nikalipa tena mitatu barabarani nikidhani nimemaliza.

Kama mmoja wenu tu ndiye anayevuka mji, na mwingine yupo huko huko na watoto wanasoma huko huko, hamia hata kwenye pagale. Hesabu inakubali mara moja.

Mwenye mtoto wa darasa la mtihani asihame katikati ya mwaka. Hilo sina jedwali lake. Nina binti aliyekuwa anasinzia kwenye kipindi cha kwanza, na mwalimu wake wa darasa ambaye alinipigia kuniuliza kwa upole kama nyumbani kuna tatizo.

Mwenye mama mtu mzima jirani, anayeangalia watoto bila malipo, amhesabu kama laki moja kabla hajaita gari la kuhamisha vyombo.

Yule kijana nilipomsomea hayo kwenye simu alinyamaza, kisha akasema, "Lakini madam, wewe si umejenga?" Swali halali. Nikamwambia asinisikilize mimi wala muuzaji: ana binamu yake Chanika, akalale kwake Jumatatu usiku, aamke naye, aende kazini kutokea huko Jumanne kama mkazi. Asiende na kiti cha rafiki mwenye gari. Apande la stendi.

Jumanne saa moja na dakika kumi ujumbe uliingia. "Madam, bado tupo Pugu. Nimesimama." Nilikuwa nimeshafika shule, nimeshasaini, nasubiri kengele. Saa mbili kasoro ukaingia wa pili: jina lake lilikuwa la nne chini ya mstari mwekundu. Saa nne, wakati wa chai, akatuma wa tatu, mfupi.

"Fomu ya uhamisho inaanzia kwa mkuu wa shule au kwa afisa elimu kata?"